Emin Pasha: Tabibu asiye na leseni aliyeuanzisha mji wa Bukoba

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa wazazi, juu ya jambo tuliloletewa baada ya Swala ya Ijumaa mjini Bukoba. Mzee mmoja wa Nshamba, wilayani Muleba, alitusubiri nje ya msikiti mpaka watu walipopungua. Akatueleza kwamba binti yake yumo katika mwaka wa kwanza wa masomo ya udaktari, na kwamba yeye kama baba ana mashaka mawili yanayomkosesha usingizi.

Shaka la kwanza ni kwamba haoni walimu wakimfundisha mtoto. Wanafunzi wanane au tisa huketi pamoja, hupewa habari ya mgonjwa mmoja, kisha huambiwa wakatafute wenyewe vitabuni na katika chumba cha maiti, na baada ya siku chache warudi na majibu. Mzee ameuza kahawa na ng'ombe ili alipe ada, na anataka kujua analipia nini ikiwa mwanawe anajifundisha mwenyewe. Shaka la pili ni zito zaidi. Binti anaingia katika chumba hicho, anashika kisu kidogo, na anaufungua mwili wa mtu asiyemjua hata jina. Je, sheria inasemaje?

Siku ile tulimjibu kwa kifupi, kwani mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda juu ya ziwa na safari ya kurudi Nshamba si fupi. Majibu marefu tumeona tuyapitishe katika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halikosekani katika historia ya mji wetu, naye ni Emin Pasha. Watoto wa Bukoba hulisikia jina hilo shuleni kuwa ndiye aliyeuanzisha mji mwaka 1890, na habari huishia hapo. Ni wachache wajuao kwamba alikuwa tabibu, kwamba alibeba jina la Kiislamu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na kwamba lau asingekosa mtihani mmoja huko kwao, huenda asingeiona Afrika kamwe.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia na ambalo leo limo ndani ya Poland. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Angali mdogo familia ilihamia mji wa Neisse, baba akafariki mwaka 1845, mama akaolewa na mume Mkristo, na mtoto akabatizwa. Mwaka 1858 alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Breslau, baadaye akasoma pia Königsberg na Berlin.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa kuwa namna ya usomaji wa vyuo vya Ujerumani wakati ule inagusa moja kwa moja shaka la kwanza la mzee wetu. Mwanafunzi hakuwa na ratiba ya kulazimishwa siku kwa siku. Alichagua mwenyewe darasa la kuhudhuria na mwalimu wa kumsikiliza, na alipoona mji mwingine una bingwa wa fani fulani, alifunga mizigo akahamia huko. Hakuna aliyemuuliza jana ulikuwa wapi. Sisi tuliokulia madrasa hatupaswi kuustaajabia mtindo huu, kwani wanafunzi wa dini nao walikuwa wakisafiri kutoka kwa sheikh hadi kwa sheikh, Lamu, Zanzibar, Makka na Misri, kila mmoja akitafuta fani aliyoikosa kwao. Tofauti ni kwamba kwa sheikh kitabu kilifunguliwa mstari kwa mstari, na mwisho wake ni ijaza.

Elimu ya tashrihi, ambayo vijana huiita anatomia, ilikuwa na msimu wake. Dawa ya fomalini ilikuwa haijaanza kutumika kuhifadhi maiti, basi kazi ya kupasua ilifanywa majira ya baridi kali, wakati ambapo hali ya hewa yenyewe ilichelewesha kuoza. Mwanafunzi alianza na mifupa mikavu, akaishika na kuigeuza mpaka akaweza kuitambua kwa vidole akiwa amefumba macho. Kisha akaingia katika misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, akiitenga mmoja mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Maiti hao kwa kawaida walikuwa wa mafukara waliofia hospitalini au gerezani na kukosa wa kuwadai. Hilo nalo tulikumbuke, tutalirudia.

Kijana Schnitzer alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1864. Lakini katika Prussia shahada ya chuo haikumpa mtu ruhusa ya kutibu. Palikuwa na mtihani wa serikali, na ni huo tu uliofungua mlango wa kazi. Yeye akaukosa. Hakuruhusiwa kuufanya, na miaka yote ile ya uhuru ikaishia mbele ya mlango uliofungwa. Tunamwambia mzee wetu wa Nshamba, kwa heshima zote, kwamba hapa ndipo pa kumuuliza binti maswali. Kujitafutia elimu hakumdhuru mwanafunzi hata kidogo, maadamu anajua mwisho wa njia kuna mtihani gani, unafanywa lini na nani anaandikisha majina. Muulize hayo kila arudipo likizo.

Akiwa na elimu isiyo na leseni, Schnitzer aliondoka kwao. Alifika Antivari, bandari iliyokuwa ya dola ya Uthmaniya katika pwani ya Adriatiki, akapata kazi ya daktari wa karantini. Kutoka hapo akaingia katika nyumba ya Ismail Hakki Pasha, gavana wa Kituruki, akasafiri naye katika majimbo mbalimbali, akajifunza Kituruki na Kiarabu juu ya lugha kadhaa za Ulaya alizokuwa nazo. Gavana alipofariki mwaka 1873, daktari alibaki na mjane na watoto, na mwaka 1875 akawafikisha hadi Neisse, kwa mama yake. Kisha, katika mwaka huo huo, akaondoka ghafla akawaacha. Hatuwezi kulipamba jambo hili, wala hatuna haja ya kufanya hivyo. Mtu anaweza kuwa na subira isiyo na mwisho kwa mgonjwa asiyemjua na akakosa subira kwa waliomtegemea nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka huo alifika Khartoum, akijiita Mehmed Emin. Emin ni Amin kwa matamshi ya Kituruki, yaani mwaminifu. Katika barua kwa jamaa zake aliwatuliza kwamba amechukua jina tu na dini haikubadilika. Katika Sudan aliishi kama Muislamu miongoni mwa Waislamu, akavaa na kuamkia kama wao. Lipi lilikuwa moyoni mwake, hilo ni baina yake na Mola wake, na sisi hatukupewa funguo za mioyo ya watu.

Mwaka 1876 Charles Gordon, Muingereza aliyekuwa akitawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, alimwita Lado, kwenye Mto Nile, awe tabibu mkuu wa jimbo. Huko hakuna aliyemdai cheti. Alimpata mgonjwa, akamtibu. Gordon alimtuma pia kuwa mjumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na Omukama Kabarega wa Bunyoro, na mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo zima. Hata alipokuwa gavana hakuacha kuzuru wagonjwa asubuhi kabla ya kuingia katika kazi za serikali.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane miongoni mwa wanazuoni wa Ulaya ni jingine. Emin alikuwa na macho mafupi kupita kiasi. Kitu kikiwa mbali kidogo hakukiona, na ili asome ilimbidi aukaribishe ukurasa usoni. Mtu wa namna hii aliamua kuchunguza ndege. Aliletewa ndege, akawashika karibu kabisa na macho, akawapima mdomo, bawa na mguu, akawachuna kwa uangalifu, akazihifadhi ngozi na kuandika tarehe na mahali kwa mwandiko mdogo, safi, kama wa mwenye kunakili msahafu. Masanduku yake yalikwenda Ulaya, na mtaalamu wa ndege wa Bremen, Gustav Hartlaub, akawaeleza na kuwapa majina. Shomoro mmoja wa rangi ya kahawia nyekundu anayepatikana Afrika Mashariki anaitwa katika elimu Passer eminibey, yaani shomoro wa Emin Bey. Panya buku wa msituni, ndugu wa wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu na kifua kikuu, anaitwa Cricetomys emini, jina alilopewa mwaka 1910, miaka mingi baada ya kifo chake.

Hakuna mwalimu aliyesimama nyuma yake huko Lado. Kile alichokipata katika vyumba vya baridi vya Breslau na Berlin, yaani kushika, kutenga, kulinganisha na kuandika kabla hujasahau, ndicho alichokifanya kila siku kwa zaidi ya miaka kumi katika nchi ya joto, karani na mtwana wakidhani bwana wao anacheza. Hii ndiyo maana ya kujisomesha. Na ndiyo inayokusudiwa katika vyuo vya leo vinavyotumia mtindo anaoulalamikia mzee wetu. Mtindo huo ulipata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichoanza kuwasomesha madaktari kwa njia hiyo mwaka 1969, na katika Afrika Mashariki Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ni miongoni mwa waliotangulia kuufuata, mapema miaka ya 1990.

Tumpe mzee mfano wa karibu. Wanafunzi wanaambiwa kwamba dereva wa bodaboda ameanguka, mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko umevunjika katikati, na sasa kiganja chake kimelegea, hawezi kukiinua juu. Kiganja hakikuguswa na ajali. Kwa nini kimelegea? Mwalimu ananyamaza. Binti anafungua kitabu, anakuta kwamba upo mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa ule, umelala juu yake kama mzabibu juu ya mti, kisha unashuka kwenda kuitawala misuli inayoinua kiganja. Anaingia katika chumba cha maiti, anaisogeza misuli ya nyuma ya mkono, na anauona mshipa wenyewe, mweupe, mahali pale pale. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa huumia. Aliyeambiwa jambo hili ubaoni atalisahau baada ya mtihani. Aliyelitafuta na kuligusa, akiletewa dereva huyo usiku katika hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, atamwambia kwanza ainue kiganja kabla hajagusa kitu kingine. Ada ya kahawa imelipia hilo, pamoja na mwalimu anayejua lini anyamaze na lini aseme.

Mambo ya Sudan yaliharibika. Harakati ya Mahdi ilianza mwaka 1881, njia ya Khartoum ikakatika, na Januari 1885 Khartoum yenyewe ikaanguka na Gordon akauawa. Emin alihama na watu wake kwenda kusini, Wadelai, akabaki humo amezingirwa, bila barua wala mishahara, huku Ulaya ikimlilia kama shujaa aliyepotea. Henry Stanley alipewa msafara wa kumwokoa na akakutana naye kando ya Ziwa Albert mwezi Aprili 1888. Sehemu kubwa ya askari wa Emin waliasi na kumfunga Dufile mwaka huo huo. Habari za msafara ule ni ndefu na za kusikitisha, na wapagazi waliokufa ndani yake ni wengi kuliko waliookolewa, tunazipita.

Jambo moja la miaka ile ya Ikweta hatuwezi kulipita. Pamoja na ndege, Emin alipima pia wanadamu. Alituma London mifupa ya watu wawili wa jamii ya Akka, wale watu wa kimo kifupi wakaao misitu ya Kongo, na mwanaanatomia mkubwa wa huko, William Flower, akaieleza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1888. Wazungu wa elimu walifurahi sana, kwani ilikuwa nadra kupata mifupa ya watu hao. Sisi tunajiuliza maswali ambayo hawakuyauliza. Watu wawili hao walikuwa na mama zao. Je, jamaa zao waliombwa? Je, walijua kwamba mifupa ya wapendwa wao ingewekwa katika kasha na kupewa namba? Hata kama Emin hakukusudia dharau, na tunaamini hakukusudia, jicho lililomtazama ndege na jicho lililomtazama mwanadamu lilikuwa limekuwa moja.

Wala hakuwa peke yake. Katika miaka ya ukoloni wa Kijerumani mafuvu mengi ya Waafrika yalichukuliwa kwenda Berlin. Uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika nchi ambazo leo ni Rwanda, Tanzania na Kenya ulitangazwa mwaka 2023, na kwa vipimo vya vinasaba wakapatikana watu walio hai Tanzania ambao ni jamaa za waliochukuliwa. Familia hizo zilisubiri zaidi ya karne moja.

Hapa tunafika kwenye shaka la pili la mzee. Dini yetu inamheshimu maiti. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Hata hivyo, wanazuoni waliangalia pia haja ya walio hai kupata madaktari wanaojua wanachokifanya. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1987, liliruhusu maiti kupasuliwa kwa ajili ya kufundishia tiba, likaweka masharti. Ikiwa maiti anajulikana, awe ametoa idhini kabla ya kufa au warithi wake wameitoa. Upasuaji usizidi kiasi cha haja. Na maiti wa kike apasuliwe na madaktari wa kike, isipokuwa wakikosekana. Basi binti wa Nshamba hatendi dhambi kwa kusoma. Lakini anayo haki, na baba yake anayo haki, ya kuuliza chuoni maiti amepatikanaje, na atazikwa wapi na nani masomo yakiisha. Swali hilo halimtii aibu mtu yeyote mwenye adabu.

Na Waislamu wa zamani walitutangulia katika adabu hii. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162, alikuwepo Misri wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1200. Watu walikufa kwa maelfu wakakosa wa kuwazika. Alisikia kwamba mahali paitwapo al-Maqs, nje ya Kairo, mifupa imelundikana, akaenda na wenzake kuitazama. Jalinusi, tabibu wa Kiyunani ambaye vitabu vyake vilikuwa hoja kwa kila mtu, alikuwa amesema taya la chini limeundwa kwa mifupa miwili iliyoungana. Al-Baghdadi akatazama mafuvu zaidi ya elfu mbili, moja baada ya jingine, akaona taya ni mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika hivyo, bila kumtukana Jalinusi. Mifupa aliikuta wazi juu ya ardhi. Hakuifungasha kwenda popote.

Turudi kwa Emin. Tarehe 4 Desemba 1889 alifika Bagamoyo pamoja na Stanley, na usiku ule Wajerumani wakawafanyia karamu. Baada ya chakula, macho yake yakamdanganya, akatoka dirishani akaanguka barabarani kutoka ghorofani. Alikutwa hana fahamu, damu ikimtoka masikioni. Daktari wa msafara, Thomas Parke, alijua dalili hiyo inamaanisha nini, kwani damu ya masikio baada ya pigo la kichwa huashiria kwamba kitako cha fuvu, mfupa ule ubebao ubongo kutoka chini, kimepasuka. Wengi waliopata jeraha la namna hiyo wakati ule hawakuinuka tena. Emin aliinuka baada ya majuma kadhaa. Katika majuma yale Stanley aliondoka bila yeye.

Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, jambo lililowaudhi Waingereza waliogharimia kumwokoa. Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara, akiwa na mwanaelimu wa wanyama kijana, Franz Stuhlmann. Alipita Tabora akaipandisha bendera ya Kijerumani, akafika Ziwa Victoria. Mwezi Julai mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimegawana nchi kwa mstari juu ya karatasi, digrii moja kusini ya Ikweta, na Buganda ikawa upande wa Waingereza. Kilichobaki kwa Wajerumani magharibi ya ziwa ni nchi yetu, yaani Kiziba, Kyamtwara, Kihanja, Karagwe na Ihangiro ambayo leo imo wilayani Muleba, kila moja na Mukama wake, na hakuna Mukama hata mmoja aliyeitwa kwenye meza hiyo.

Mwezi Novemba 1890, wakati ambao wenyeji hungoja senene, Emin alianzisha kituo karibu na ufuko, katika nchi ya Kyamtwara. Ndio mwanzo wa mji wa Bukoba. Tunaposema aliuanzisha mji hatumaanishi kwamba hapakuwa na watu, kwani migomba ilikuwepo, kahawa ilikuwepo, na mitumbwi ilikuwa ikipita ziwani karne nyingi kabla yake. Alianzisha kituo cha dola. Mwenyewe hakukaa humo hata miezi minne. Februari 1891 alimwachia kituo afisa wa Kijerumani, Wilhelm Langheld, akaelekea Karagwe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa wamepiga kambi Kafuro tangu zamani, kisha akaenda kaskazini kuwatafuta watu wake wa Ikweta. Serikali yake ilimtaka arudi. Hakurudi.

Mwishoni mwa mwaka 1891, magharibi ya Ziwa Albert, ndui iliingia katika msafara. Hapo Emin, ambaye sasa mtoto wa jicho alikuwa akimfunika mwanga uliobaki, alifanya jambo ambalo sisi tunaliweka juu ya masanduku yake yote ya ndege. Alimwamuru Stuhlmann awachukue wazima awarudishe Bukoba. Yeye akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892, na hawakuonana tena. Binti mdogo wa Emin, Ferida, aliyezaliwa na mke wa Kihabeshi aliyekwisha kufariki, alikuwa amebaki pwani, na baadaye akalelewa Ujerumani na dada wa baba yake.

Waliobaki hai baada ya ndui walimfuata Emin kuelekea magharibi, katika misitu ya Kongo, nchi iliyokuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Wao walimjua kwa vita vyake dhidi ya biashara ya utumwa na kwa kuwatumikia Wajerumani, na mwaka ule vita baina yao na Wabelgiji vilikuwa vimekwisha kuwaka. Tarehe 23 Oktoba 1892, au siku moja baadaye, akiwa Kinena ameketi mbele ya meza yake ya kazi, waliingia watu waliotumwa na Kibonge, mkubwa wa Kirundu kwenye Mto Lualaba. Watu wake walikuwa wamepelekwa mashambani ili wasiwe karibu. Alikamatwa kitini, akachinjwa, na kichwa chake kikapelekwa kwa Kibonge kuwa ushahidi.

Daftari zake za kila siku ziliokolewa, nazo zikachapishwa Ujerumani baadaye. Mwili haukupatikana, na hakuna kaburi lake linalojulikana.